Nyota Aliyekufa ni wa Nani? Hotuba kuhusu Watazamaji wa Filamu za Wasifu wa Hollywood

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wapenzi wa filamu. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kuipenda sinema, ndugu zangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika. Mmeniomba nizungumze juu ya filamu za wasifu zinazosimulia maisha ya watu wa Hollywood katika zile zinazoitwa zama za dhahabu, yaani tangu sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi studio kubwa zilipoanza kuishiwa nguvu katika miaka ya 1950 na 1960. Kuhusu filamu zenyewe yameandikwa mengi, na wengi wenu mmeyasoma. Mimi naomba leo tuipe skrini mgongo, tuwatazame watazamaji. Kwa nini mtu acheke mahali ambapo mwongozaji alitaka alie? Kwa nini mwingine azime televisheni kwa hasira, akimtetea mwanamke aliyefariki kabla yeye hajazaliwa? Kwa nini mwingine aamini jambo ambalo halikutokea, na aendelee kuliamini hata baada ya kuelezwa ukweli?

Sitawaficha jibu langu hadi mwisho. Mtazamaji wa filamu hizi haendi kumjua nyota. Anaona kwamba anamjua tayari, tena kwamba nyota huyo ni wake, na anakwenda kukagua iwapo mali yake imetunzwa au imeharibiwa. Wala msimlaumu kwa kujiona mwenye mali, maana studio zenyewe ndizo zilizomkabidhi hati.

Chukueni kisa cha Joan Crawford. Mwaka 1925 msichana mcheza dansi aitwaye Lucille LeSueur aliajiriwa na studio ya MGM. Wakubwa waliipenda sura yake lakini hawakulipenda jina lake, kwa hiyo idara ya matangazo ikaandaa shindano katika gazeti la mashabiki wa filamu: wasomaji walete majina, na mshindi apewe fedha. Katika shindano hilo ndipo lilipotoka jina la Joan Crawford. Mwenyewe hakulifurahia, na alilalamika kwamba linafanana mno na jina la wale kamba wa mtoni, crawfish, wanaoliwa huko kwao. Hata hivyo alilibeba zaidi ya nusu karne, mpaka alipofariki mwezi Mei 1977. Hebu lipimeni jambo hili, ndugu zangu. Umma ulialikwa kumbatiza mtu mzima, aliyekuwa na jina alilopewa na wazazi wake, na umma ukambatiza. Sasa miaka ikipita na mtu akatengeneza filamu kuhusu mwanamke huyo, mnatarajia umma ukae kimya kama mgeni msibani?

Umma haukukaa kimya. Mwaka 1978 Christina, binti ambaye Crawford alimchukua na kumlea, alichapisha kitabu kilichoeleza utoto wa mateso na vipigo katika nyumba ile ya kifahari. Mabinti wawili wadogo waliolelewa na mama huyohuyo walikanusha, wakasema mama huyo sio waliyemjua wao. Wosia wa Crawford ulikuwa umemnyima Christina urithi, pamoja na mdogo wake wa kiume Christopher, kwa sababu ambazo, kwa maneno ya wosia, wao wenyewe wanazifahamu vizuri. Mwaka 1981 kampuni ya Paramount ikatoa filamu kutokana na kitabu hicho, Mommie Dearest, na nafasi ya Crawford akapewa Faye Dunaway. Hapa pana kejeli ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitunga: katika kitabu chake cha mwaka 1971, Crawford mwenyewe alikuwa amemtaja Dunaway kuwa ndiye kijana pekee, kati ya waigizaji wa kike waliokuwa wakichipukia, mwenye kipaji na ujasiri wa kuwa nyota wa kweli.

Mnaikumbuka ile sehemu ya usiku. Mama anaingia chumba cha watoto, uso umepakwa krimu nyeupe hadi macho na mdomo vimebaki kama matundu, anapekua kabati la nguo za binti yake zinazoning'inia kwenye hanga zilizofunikwa kwa kitambaa, na katikati yake anaikuta hanga moja ya waya, ile ya bei rahisi inayotolewa na dobi. Sauti anayoitoa pale ilikusudiwa kutisha. Kisha mtoto anapigwa kwa hanga ileile. Dunaway aliigiza bila kubakiza chochote, na waliotengeneza filamu walikuwa na hakika kwamba wanatoa tamthilia nzito ya maumivu ya familia.

Watu wakacheka. Hawakucheka kidogo. Katika miji mikubwa ya Marekani, hususan miongoni mwa wanaume wapenzi wa jinsia moja ambao kwa miaka mingi walikuwa wamemfanya Crawford kuwa malkia wao, watazamaji walirudi mara ya pili na ya tatu, wakayakariri maneno ya Dunaway kabla hajayasema, na wengine wakaja na hanga za waya mkononi. Paramount ilipoona hivyo haikuona haya: ndani ya wiki chache ilibadilisha matangazo ya magazetini, ikaiuza tamthilia ile nzito kama kichekesho, na picha ya hanga ikawekwa kwenye tangazo. Mtayarishaji wa filamu alikasirika kiasi cha kuipeleka studio mahakamani. Filamu ikapewa tuzo ya dhihaka ya Razzie ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka, na Dunaway, kwa miaka mingi baadaye, hakutaka kuulizwa habari zake.

Je, walikuwa wakimcheka mtoto anayepigwa? Sidhani, ingawa nakubali kwamba mtu aliyepitia kipigo cha namna ile utotoni, akikaa katika ukumbi ule, angesikia kicheko hicho kwa masikio mengine kabisa. Nadhani walikuwa wakigoma. Filamu iliwataka wamchague mmoja kati ya wawili: Crawford wa skrini, mwanamke aliyejitengeneza kutoka umaskini, au Crawford wa kitabu cha Christina. Kicheko kiliwaruhusu wasichague. Mwanamke yule aliyepakwa krimu nyeupe hakuwa nyota wao wala hakuwa mama wa mtu. Alikuwa kinyago, na kinyago hakimdai mtazamaji hukumu. Katika makelele hayo malalamiko ya Christina yalizama, na mpaka leo watu wengi wanaifahamu hanga kuliko wanavyolifahamu jambo lililoandikwa.

Nimeanza na kicheko kwa sababu ndicho kinachosikika. Lakini, ndugu zangu, mwitikio wenye nguvu zaidi hauna sauti. Ni kuamini.

Hollywood ilijua nguvu ya kuaminiwa tangu zamani. Mwaka 1934 mwandishi Upton Sinclair, msoshalisti, aligombea ugavana wa California kwa tiketi ya chama cha Democratic, na wenye studio wakaingiwa na hofu ya kodi. Wafanyakazi wa studio walishinikizwa kuchangia mshahara wa siku moja kwa ajili ya mpinzani wake, Frank Merriam. Zaidi ya hapo, MGM chini ya Irving Thalberg ilitengeneza filamu fupi zilizofanana na filamu za habari, ambamo watu walioonekana kama wapiga kura wa kawaida walihojiwa barabarani: mzee msafi na mstaarabu akisema anamuunga mkono Merriam, na mtu wa mashaka akisema yeye ni wa Sinclair. Zikaonyeshwa katika kumbi za jimbo zima kabla ya filamu kuu kuanza. Sinclair akashindwa.

Mwaka 2020 David Fincher alikirudia kisa hicho katika filamu yake Mank, inayomhusu Herman Mankiewicz, mwandishi aliyeshirikiana na Orson Welles kuandika mswada wa Citizen Kane, filamu ya mwaka 1941, na ambaye alishiriki naye Oscar ya mswada huo. Mabishano ya nani hasa aliandika nini yamewachosha wahakiki tangu mwaka 1971, na mimi sitayafungua leo, maana hatutatoka humu. Ninalotaka kuwaonyesha ni hili. Katika Mank, mfanyakazi mmoja wa studio anaongoza zile filamu za uongo dhidi ya Sinclair, kisha anajiua kwa majuto, na kifo chake kinamchoma Mankiewicz hadi anaandika kwa kisasi. Mfanyakazi huyo hakuwahi kuishi. Amebuniwa. Wala hakuna ushahidi kwamba Mankiewicz alijishughulisha na uchaguzi ule kwa namna inavyoonyeshwa. Kwa hiyo filamu inayolaani filamu zilizobuni watu ili kuwashawishi watazamaji, yenyewe imebuni mtu ili kutushawishi sisi! Je, wangapi kati yetu tuliitazama tukashtuka? Ilikuwa nzuri, ilikuwa katika rangi nyeusi na nyeupe, ilifanana na ukweli, nasi tukaamini.

Huyo angalau hana ndugu wa kulalamika. Frances Farmer alikuwa nao.

Farmer alizaliwa Seattle mwaka 1913, akasaini mkataba na Paramount, na mwaka 1936 alisifiwa sana kwa kuigiza nafasi mbili, ya mama na ya binti, katika filamu moja. Alikuwa mkaidi mbele ya studio iliyozoea utii. Mwaka 1942 alikamatwa kwa kuendesha gari likiwa limewasha taa katika eneo la giza la wakati wa vita, mambo yakaharibika, na hatimaye akafungiwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya serikali katika jimbo la Washington, alikotoka moja kwa moja mwaka 1950. Hayo yalitokea, na ni mazito vya kutosha. Mwaka 1978 kikatoka kitabu kilichodai kwamba huko hospitalini alifanyiwa ule upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1982 ikatoka filamu, Frances, iliyouonyesha. Jessica Lange aliigiza kwa namna iliyomfanya ateuliwe kuwania Oscar. Aliyeiona hasahau: daktari anapita na chombo chake mbele ya safu ya wagonjwa, akijisifu kwa wepesi wa kazi, na baadaye tunamwona Frances mtulivu, mpole, mtu aliyezimwa ndani.

Hakuna ushahidi kwamba upasuaji huo ulifanyika. Dada yake aliukana. Mwaka 1983, katika kesi ya hakimiliki kati ya waliohusika na kitabu na waliotengeneza filamu, ilibainika mahakamani kwamba sehemu za kitabu kile, kilichouzwa kama habari za kweli, zilikuwa zimebuniwa. Na maisha yake ya baadaye yanapingana na picha ya mtu aliyezimwa: kuanzia mwaka 1958 hadi 1964 aliongoza kipindi chake cha televisheni huko Indianapolis, akitambulisha filamu za mchana na kuwahoji wageni. Je, mtu asiyebaki na nafsi angefanya kazi hiyo kwa miaka sita?

Ulizeni lakini, hata leo, miongoni mwa waliopata kusikia jina la Frances Farmer, anakumbukwa kwa lipi. Kwa upasuaji. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. La Farmer halikuja, lilichongwa na mwandishi mmoja na likapigwa muhuri na skrini. Mtazamaji alilipokea kwa sababu liliafikiana na alichokuwa anakijua tayari, kwamba Hollywood huwala watoto wake. Kwa kuwa kanuni ilikuwa ya kweli, mfano nao ukadhaniwa wa kweli. Huu ndio mwitikio ninaouogopa kuliko yote, maana umetokana na huruma. Waliotoka ukumbini wakilia walikuwa watu wema.

Sasa nije kwenye hasira, na hapa nitataja filamu ambayo najua imewagawa hata ninyi mliomo humu. Mwezi Septemba 2022 filamu ya Blonde, ya Andrew Dominik, ilionyeshwa katika tamasha la Venice, na watu wakasimama wakapiga makofi kwa muda mrefu huku Ana de Armas, aliyemwigiza Marilyn Monroe, akitokwa na machozi. Wiki chache baadaye iliingia Netflix, ikafika sebuleni, na sebuleni hakukuwa na makofi. Watazamaji wengi walisema hawakuweza kuimaliza. Walikasirishwa na ubakaji unaoonyeshwa, na mimba inayozungumza na mama yake, na mwanamke anayelia karibu mwanzo hadi mwisho wa filamu inayozidi saa mbili na nusu. De Armas aliteuliwa kuwania Oscar, na filamu hiyohiyo ikapata Razzie ya filamu mbaya kuliko zote. Watetezi wake walisema, na ni kweli, kwamba imetokana na riwaya ya Joyce Carol Oates ya mwaka 2000, ambayo haikudai kuwa wasifu.

Hoja hiyo haikuwatuliza waliokasirika, nami nadhani walikuwa na haki. Walichokidai hakikuwa usahihi wa tarehe. Walimdai Marilyn aliyekuwa na akili. Mwanamke huyu alikataa filamu aliyoagizwa na Twentieth Century-Fox, akasimamishwa kazi, akahamia New York kujifunza uigizaji upya, akaanzisha kampuni yake ya utayarishaji, na mwishoni mwa mwaka 1955 studio ikarudi mezani na kumpa mkataba mpya uliompa sauti juu ya nani amwongoze. Alikuwa hajafikisha miaka 30. Mapambano hayo ndiyo kiini cha maisha yake ya kazi, lakini filamu ya karibu saa tatu imepata nafasi ya machozi yote ila haikupata nafasi ya kuyaonyesha. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Basi mashabiki, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuulizwa, walijiuliza kwa niaba yake, wakaikataa sanda.

Lakini itakuwaje maiti akiwa hajafa?

Olivia de Havilland, ambaye wengi mnamkumbuka kama Melanie katika Gone with the Wind ya mwaka 1939, alikuwa hai akiishi Paris wakati kituo cha FX kiliporusha, mwaka 2017, mfululizo wa televisheni kuhusu uhasama wa Joan Crawford na mwigizaji mwenzake Bette Davis. Ndani yake alimkuta de Havilland mwingine, aliyeigizwa na Catherine Zeta-Jones, akitoa mahojiano ambayo yeye hakuwahi kuyatoa, na akimwita dada yake kwa tusi ambalo alisema si desturi yake. Watengenezaji hawakumwomba ruhusa. Tarehe 30 Juni 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, bibi huyu akafungua kesi.

Hawakujua wanacheza na nani. Katika miaka ya 1940 studio zilikuwa na desturi ya kumsimamisha mwigizaji aliyekataa filamu, kisha kuuongeza muda wa kusimamishwa mwishoni mwa mkataba wake, hivyo kwamba mkataba wa miaka saba ungeweza kumfunga mtu muda mrefu zaidi. De Havilland aliishtaki Warner Bros., akabaki bila kazi kesi ikiendelea, na mwezi Desemba 1944 Mahakama ya Rufaa ya California ikaamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo, na wasanii na wanamichezo wanaitegemea. Baada ya hapo alishinda Oscar mbili.

Safari hii hakushinda. Hakimu wa kwanza aliiruhusu kesi iendelee, lakini mwezi Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya California iliitupa, ikieleza kwamba mtu anayeigizwa, awe nyota anayejulikana dunia nzima au mtu asiyejulikana na yeyote, hamiliki historia, wala hana haki ya kisheria ya kumwamulia msanii namna ya kumwonyesha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa yake mwaka uliofuata. Alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 104.

Kisheria naiunga mkono hukumu hiyo, na ningeiunga mkono hata kama ningekuwa nampenda bibi huyu mara mbili zaidi. Mkimpa anayeigizwa kura ya turufu, hakutakuwa na filamu yoyote juu ya mtu yeyote mwenye fedha za kulipa wakili. Lakini tazameni jambo la ajabu: kati ya mamilioni ya watazamaji, alikuwepo mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kusema kwa uhakika, "Hilo sikulisema." Na alipolisema, watu wengi walimwona kama kikongwe msumbufu anayewaharibia wengine burudani. Wale wanaomlilia Marilyn kwa kuwa hawezi kujitetea, walikuwa wapi Olivia alipojitetea?

Nitapita haraka kwenye machozi, ingawa ndiyo yanayouza tiketi. Mwaka 2019 Renée Zellweger alimwigiza mwimbaji na mwigizaji Judy Garland katika miezi yake ya mwisho jijini London, akashinda Oscar, licha ya Liza Minnelli, binti wa Garland, kuwa alikwisha tangaza kwamba hakuiridhia filamu hiyo. Filamu inatuonyesha watazamaji wa London wakimzomea na kumrushia vitu jukwaani anapochelewa na kuyumba, na kweli alirushiwa, skonzi zikiwemo. Kisha mwishoni sauti inamkatika katikati ya wimbo, na mtu mmoja gizani anasimama kuuendeleza, wakafuata wengine, hadi ukumbi mzima unamwimbia. Wanaoanzisha ni mashabiki wawili waliobuniwa na mwandishi. Watu walitoka sinema macho mekundu. Waliliaje wasilie? Walikuwa wamepewa nafasi ya kuhesabiwa miongoni mwa walioimba, na kuwasahau waliorusha skonzi.

Hayo yote, ndugu zangu, ni ya nyota ambao studio iliwauza kwa kila mtu. Wako ambao haikuwauza. Dorothy Dandridge alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya mwaka 1954, na baada ya hapo Hollywood haikujua, au haikutaka kujua, imfanyie nini. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 42. Mwaka 1999 kituo cha HBO kilionyesha filamu ya maisha yake, Halle Berry akiwa mwigizaji na mmoja wa watayarishaji. Katika filamu hiyo, hoteli ya Las Vegas inayomlipa kuimba inamkataza kuogelea. Anachovya mguu tu kwenye bwawa, na baadaye anawaona wafanyakazi wakilisugua bwawa lililokwisha kaushwa maji. Vijana wengi walioitazama hawakuwa na Dandridge wao kichwani wa kumlinganisha naye. Hawakuja kukagua, walikuja wakamkuta. Swali lililowatoka halikuwa "amefanana naye?" bali "mbona hatukuambiwa?" Miaka 3 haikupita, Machi 2002, Berry akawa mwanamke wa kwanza mweusi kushinda tuzo ile ambayo Dandridge aliikosa, akasimama akilia, na jina la kwanza alilolitaja kuwa wakati ule ni wake lilikuwa la Dorothy Dandridge.

Mwisho, Mwenyekiti, naomba tufike nyumbani, maana kuna filamu moja ya aina hii ambayo sisi hatuwezi kuitazama kama wanavyoitazama wao. Msingi wake ni mwaka 1951, mwongozaji John Huston alipowaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn Uganda na Congo kupiga The African Queen. Walipiga Butiaba, kando ya Ziwa Albert, na kwenye mto Ruiki huko Congo. Hepburn, aliyekunywa maji, aliugua tumbo vibaya. Huston na Bogart, waliokunywa wiski, walijisifu kwamba hawakuguswa. Kisa cha The African Queen kimewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na meli ya kivita iliyomo ndani yake imetokana na Graf von Götzen, ambayo wenzetu wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Meli hiyo iliingizwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe, ikaopolewa na kurudi kazini mwaka 1927. Imeishi kuliko mastaa wote niliowataja leo, na hakuna aliyefikiria kuitengenezea filamu ya wasifu.

Mwandishi Peter Viertel, aliyekuja huku kurekebisha mswada wa Huston, aliandika riwaya juu ya mwongozaji anayesimamisha kazi ya watu wote kwa tamaa ya kumuua tembo. Clint Eastwood akaigeuza filamu mwaka 1990, White Hunter Black Heart, akaipiga Zimbabwe na kumwigiza mwongozaji huyo yeye mwenyewe. Katika nchi yake ilipata hasara kubwa. Watu walimpenda Eastwood mkimya mwenye bastola, na hapa walimkuta akizungumza kwa mbwembwe za Huston. Mabishano yao mengi yakawa juu ya lafudhi.

Sisi tuliomo humu, tulipoionyesha hapa, hakuna aliyeuliza juu ya lafudhi. Mlimuuliza Kivu. Kivu ndiye mwindaji mwenyeji anayemwongoza mzungu msituni, na ndiye anayeuawa na tembo kwa kosa la mwajiri wake. Ngoma za kijiji zinatangaza habari za mwindaji mweupe mwenye moyo mweusi, kisha mwongozaji anarudi kukaa kwenye kiti chake na kusema kwa sauti iliyokauka neno moja la kuanzisha upigaji. Filamu inaishia usoni pake. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa safu ya pili akauliza kwa sauti, "Na mkewe Kivu je?" Nimesoma maoni mengi ya wahakiki juu ya filamu hii, na sikukutana na swali hilo.

Kivu ni wa kubuni. Waliobeba mizigo, waliojenga kambi, waliopika na waliovuta mashua mwaka 1951 hawakuwa wa kubuni, na majina yao hayamo katika orodha ya waigizaji ya The African Queen. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wakongwe, lakini watoto wao wapo Butiaba, wapo upande wa Congo, na baadhi yetu tuna jamaa huko. Nimekwisha kuzungumza na katibu wetu kuhusu kuanza kurekodi kumbukumbu zao kwa sauti. Mwenye ndugu anayeweza kutusaidia aniachie jina lake pale mezani kabla hajaondoka. Maikrofoni sasa ni yenu, na naomba yule mzee wa safu ya pili aanze.